Nimewatilia Panya Dawa kwa Siri

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumatatu, maana jambo hili limenikaa kooni. Mimi ni mtunza panya katika maabara ya utafiti, na kwa miaka miwili tumehangaika kutafuta namna ya kuwaambukiza panya bakteria wa mapafu kwa kiasi, wasife ndani ya siku mbili wala wasipone wenyewe, ili dawa mpya zijaribiwe kwao, na mwezi uliopita tukafanikiwa, mkuu wetu akarukaruka kama mtoto, tukawagawa, wa kizimba kimoja wakinywa dawa na wa kingine maji matupu, na kwenye hicho cha maji matupu yumo mmoja ninayemwita Bibi Harusi kwa anavyosafisha masharubu hata akiwa hoi, nikamwona anahema kwa mbavu vilevile anavyohema mdogo wangu wa kiume, ambaye bakteria haohao wamemng'ang'ania mapafuni na dawa za hospitali zimegonga mwamba, uvumilivu ukanishinda, nikatia dawa kwenye chupa yao ya maji, wote sita wakapona, na sasa mkuu anaamini panya wanapona wenyewe na Jumatatu anaongeza bakteria maradufu kwa panya arobaini wapya, nikisema nafukuzwa, nisiposema silali, nifanyeje?

Mwenye Huruma

Mwenye Huruma, pole kwa mdogo wako, na ipokee vizuri kwa sababu nyingine sina. Panya siwajui, nikimwona mmoja jikoni napanda juu ya kiti, lakini watu wanaoficha mambo nawajua sana. Umewahurumia sita, na arobaini wanakwenda kuhema kuliko Bibi Harusi kwa sababu yako. Hiyo nayo ni huruma? Tena dawa anayoisubiri mdogo wako inapimwa kwenye vizimba hivyohivyo ulivyovichezea!

Usingoje Jumatatu. Leo hii andika kwenye daftari la kizimba siku uliyotia dawa, chupa ipi, kiasi gani. Mpelekee mkuu mwenyewe, usimtume mtu. Usianze na machozi, anza na tarehe. Akikufukuza, umefukuzwa, utatafuta kazi nyingine. Akikubakiza, siku ukiona panya anateseka kupita kiasi, mwite mkuu aje aone kwa macho yake, chupa uiache.

Ukitoka hapo nenda kwa mdogo wako, umweleze yote bila kupunguza. Dawa ile ni yake, na ana haki ya kujua nani aliichelewesha na nani aliirudisha njiani.