Gari Limepita

Kilburn, London
21 Februari 1999

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, vipi miguu, vipi na hiyo presha inayopanda kila ukiletewa habari za watu? Mahir na wanawe hawajambo? Sisi huku twashukuru, na nasema twashukuru kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Isome mwenyewe. Miwani ikikushinda, ngoja jua litoke ukae karibu na dirisha, lakini usimpe Mahir akusomee, maana ndugu yangu huyo hana kifua, nawe wajua.

Barua uliyompa Ameir nimeipata, na kopo la pili la udi nimelipata. Umeniuliza mjukuu wako Malak yuko vipi. Yuko hai, Mama. Lishike hilo kwanza, mengine nakuja nayo.

Umeandika pia kuwa umeshazungumza na maalimu, na Ijumaa hii baada ya laasiri mtaisoma halbadiri, laana yake imfike aliyemdhuru mtoto, awe nani na awe wapi. Nilipofika hapo barua iliniponyoka mkononi. Nimepiga simu pale dukani jirani yako hata nimechoka. Mara waseme wanakwenda kukuita, mara laini ikatike. Basi nimemkalia kooni Ameir asingoje ndege ya Jumapili, aondoke Jumatano na barua hii mfukoni.

Nianze na gari. Unajua mkweo Muhiddin tangu utotoni alikuwa na wazimu wa lile gari la spoti la yule daktari wa Mazizini, lililokuwa likipita watoto wanalikimbilia. Mwaka jana akalipata kama lile hapa London. La zamani, milango miwili, na kiti cha nyuma ambacho mtu mzima hakai, labda mtoto. Mimi nikasema haya, mwanamme na mchezo wake. Lakini hakutosheka nalo. Akalitoa injini yake, akatia nyingine kubwa ya gari jingine, na kwa kuwa haikuenea akakata bati la sakafu, akaziba kwa zulia. Likilia asubuhi, nyumba nzima inaamka.

Huku gari haliendi barabarani mpaka lipimwe kila mwaka, na kipimo wanakiita MOT. Wanatazama breki, wanatazama taa, kisha wanachomeka kijiti ndani ya bomba la moshi, na mashine inasema sumu iliyomo ni kiasi gani. Ukizidisha, umeanguka. Muhiddin alilipeleka Kingsbury kwa Avtar, Kalasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kile cha Nairobi, anazungumza nawe kama mmekula pamoja jana. Lakini katika kupima hana mchezo. Gari likaanguka. Likarejeshwa, likaanguka tena. Muhiddin akambembeleza, akamwambia si sote ni watu wa nyumbani. Avtar akamjibu kuwa mashine yake haina kwao. Halafu akalipapasa gari mgongoni, akasema ni zuri, hajaona kama hili tangu aje Uingereza, na akichoka nalo amuuzie yeye.

Mashaallah hakusema. Na angeisema wapi, maskini ya Mungu? Lakini neno lile mimi lilinikaa moyoni.

Mara ya mwisho gari lilipita. Muhiddin aliingia ndani na ile karatasi kaishika juu kama cheti cha ndoa, akatuchukua sote mpaka Wembley tukala biriani. Nilimuuliza limepitaje, akacheka, akasema injini imetulia. Mashine ilisoma sumu kidogo sana, hata Avtar alijikuna ndevu akapima upya.

Maradhi yalianza baada ya hapo, na ndiyo niliyokuandikia. Kichwa kinaniuma mimi, kinamuuma Muhiddin, lakini wa kuumia ni Malak. Akiingia garini mzima anatoka kalegea. Anatapika mlangoni mwa skuli. Mtoto aliyekuwa haishi maneno akawa ananinyamazia, na siku moja akaniambia, kwa Kiingereza chake maana Kiswahili anasikia tu, kuwa gari linamlevya. Nikasema ndilo jicho hilo. Kalasinga kalipenda gari, na jicho limeshuka kwa aliye mdogo kuliko sote. Nilikuandikia hivyo bila ya kutia shaka, Mama. Nilikuwa nimeapa.

Nawe ukanijibu kama mama yeyote angejibu. Ukasema nitie kaa jekundu kwenye chetezo, nikiweke sakafuni mwa gari, nifukize ule udi ulioupika kwa mkono wako, nifunge madirisha mpaka moshi uingie kila tundu, ndipo mtoto apande. Nilifanya kila asubuhi. Baridi yenyewe ya huku nani angefungua dirisha? Gari likawa linanukia kama chumba cha bwana harusi. Ile harufu ya petroli iliyokuwa ikinikera ikapotea kabisa, na mimi nikakushukuru.

Jumamosi moja tulikwenda Thamesmead kwa Restuta, yule Mhaya nesi niliyekwambia tulifahamiana kazini. Ni mbali, upande wa pili wa mji, na njia ilifunga. Tulikaa ndani ya foleni, hita inawaka, udi unanukia, na Malak kalala nyuma. Nilifurahi kuwa kalala, Mama. Nilimwambia Muhiddin apunguze redio asije akamwamsha. Tulipofika nikamwita, haitiki. Nikamtikisa, kichwa kikaenda upande. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, kama aliyepakwa rangi. Mimi nilipiga kelele tu. Restuta ndiye aliyemvuta nje, akamlaza kwenye baridi hiyo hiyo, akaanza kumpulizia pumzi mpaka ambulensi ikaja.

Hospitali walimtia mashine ya hewa usoni. Daktari alisema damu yake imejaa hewa ya sumu, ile inayotoka kwenye moto usiopumua, haina harufu na haionekani. Akauliza nyumbani tunapikia nini. Wakaja watu wa gesi wakapima jiko, wakapima boila, hamna kitu. Basi daktari akauliza gari letu ni la namna gani. Hapo nikamwona Muhiddin anatazama viatu vyake.

Aliniambia ukumbini, karibu na mashine ya chai. Gari halikutulia, Mama. Injini ilikuwa ile ile na sumu yake ile ile. Alilala chini ya gari akatoboa bomba la moshi kwa drili, matundu madogo upande wa juu ambao mtu akitazama kwa chini hayaoni. Mtu mmoja alimfundisha kuwa bomba likitobolewa hewa safi huingia, ikauzimua moshi kabla haujafika kwenye kijiti. Na kweli iliidanganya mashine na ikamdanganya Avtar. Lakini hayo matundu hayaingizi tu, yanatoa pia, na juu yake ni lile bati alilolikata akaziba kwa zulia, na juu ya zulia ni kiti cha Malak. Sumu iliyokosekana nyuma ya gari tulikuwa tunaivuta sisi.

Nilimuuliza kama alijua. Akasema alikusudia kuyaziba baada ya kupita, akasahau, na siku moja alisikia harufu na moyo ukamshtuka. Kisha ukaja udi wako, harufu ikaondoka, akajiambia kuwa imekwisha. Na muda wote huo mimi nikimlaani Avtar mezani, yeye akiitikia.

Avtar alikuja hospitali na machungwa. Alisimama mlangoni, jitu zima, kilemba kimemwenda upande, analia, anasema yeye ndiye aliyelipitisha na angepaswa kutazama vizuri zaidi. Sikuweza kumtazama usoni.

Malak tumerudi naye nyumbani. Anakula, anacheka kidogo. Lakini mkono wa kulia unamtetemeka, kijiko hakifiki mdomoni, na kikombe anakiita kiatu. Daktari anasema huenda akarudi kama alivyokuwa, huenda asirudi. Bado ana miaka sita, Mama.

Sasa nisikilize. Barua yako niliisoma kwa sauti, Muhiddin kakaa mbele yangu. Nilipofika kwenye halbadiri aliinuka akaenda kutapika. Tangu siku ile hali chakula, na akilala anapiga makelele. Juzi kaanguka ngazi za stesheni ya Kilburn, zile zile anazopanda kila siku, mguu umevunjika, na hapo bado hamjasoma. Watu wanasema barafu. Mimi nilizipita ngazi hizo saa ile ile na barafu sikuiona. Nimemchukia mume wangu, sikufichi, nimemchukia mpaka chakula chake namwekea bila ya kumtazama. Lakini ni baba wa mwanangu. Usiku Malak anamwita yeye, haniiti mimi.

Na si yeye peke yake, Mama. Sikutaka kulisema hili na nimelizunguka barua nzima. Yule daktari aliniuliza mbona mtoto ananukia moshi, nikamweleza habari ya chetezo. Akaiweka kalamu chini. Akasema kaa la moto ndani ya gari lililofungwa linatoa sumu ile ile.

Sasa mnaomba imfike aliyemdhuru mtoto. Hamkutaja jina. Matundu katoboa Muhiddin. Kaa nililitia mimi, na madirisha niliyafunga mimi. Na udi, mama yangu, uliupika wewe. Nenda kwa maalimu hata kama ni kwa mguu, hata kama wameshatandika mkeka, umwambie asifungue kitabu. Na ikiwa barua hii imekukuta baada ya Ijumaa, usinijibu chochote. Kaa ndani, usipande ngazi, mwambie Mahir alale karibu nawe.

Nisalimie wote wanaoniulizia, waambie Malak hajambo na baba yake hajambo. Hapa Restuta anakusalimu, na Malak nimemshika mkono akakuandikia jina lake hapo chini, usishangae mistari imekwenda ovyo. Tuombee, lakini tuombee kwa majina yetu.

Ni mimi mwanao,
Suad

Udi uliobaki nimempa Ameir akurudishie. Uko ndani ya kopo lake lile lile. Usiuchome.