Mgonjwa wa Murungu

Kibondo, kiangazi cha 2014

Daktari wangu,

Ulituacha mvua zikiwa bado zinanyesha. Sasa ni vumbi tupu, na wiki hii nimemlaza pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, bila wewe. Ndiyo, mimi, yule uliyeniita "mtoto wa kambi ya Mtabila mwenye maswali." Usicheke.

Alikuwa jike, mzito kuliko fahali, katoka porini na waya wa mtego shingoni, akaingia mashamba ya Murungu. Waya ulishaanza kukata ngozi. Tulimkuta jua likiwa utosini. Bosi mpya akasema, "Piga sindano, tumalize." Nikakataa. Ulinifundisha kwamba mnyama aliyelala kwa dawa hawezi kujipoza, juani atakufa. Bosi akanuna, akasema huyo mnyama akipotea, nisirudi kazini. Nikamwambia sawa.

Alfajiri tulimkuta palepale kwenye mihogo. Watu walishatutangulia, na mapanga na sufuria. Mama mmoja alibeba beseni jekundu, jipya kabisa. "Akifa, sisi tupo," akasema. Nikawaambia maneno yako: "Hapa hakuna nyama, hapa kuna mgonjwa. Na mwenye dawa hii mwilini haliwi." Walivyonicheka! Nikampiga sindano kwa bunduki ya dawa. Akakimbia, akapepesuka, akaanguka magoti.

Hapo mikono yangu haikuniuliza kitu. Tulimlaza kifudifudi, maana akilala ubavu tumbo hujaa gesi. Kichwa tukakiinua, pua ikielekea chini ili mate yatoke. Macho nikamfunika kwa kitenge chako, kile ambacho mama, mkeo, alikuwa akikudai kila ukirudi nyumbani. Nikakata waya. Mara pumzi zikaanza kwenda mbio, mwili unachemka, na maji ya kwenye gari yamekwisha. Daktari, nilitamani ungekuwepo.

"Mawe! Mama wee, anaungua huyu!" Ni yule mama wa beseni. Hakungoja kutumwa. Alikimbia kisimani, akarudi nalo limejaa maji, akammwagia mgongoni taratibu, akarudi tena. Wenzake wakafuata na sufuria zao. Pumzi zikatulia. Nikadunga dawa ya kumzindua, nikavuta kitenge, tukarudi nyuma sote.

Akasimama. Akatutazama kama vile tumemkosea adabu, akajiendea zake porini. Bosi alinipa mkono.

Kitenge nilikifua nikakipeleka Kasulu kwa mkeo. Amekikataa, anasema bado kina kazi. Tukalia kidogo, tukanywa chai.

Halafu jana, sokoni, mtu kanishika mkono. Yule mama, na beseni lake kichwani, limejaa dagaa. "Binti, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Nikamwambia hajambo.

Pumzika kwa amani sasa, Daktari. Juani sitapiga sindano, hata wanifukuze. Wagonjwa wako niachie mimi.

Mtoto wako wa maswali