Peupe Kando ya Nyumba ya Mama

Paris,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Kemunto,

Bwakire. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na watoto wako wa darasa la tatu hawajakumaliza sauti. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo hautulii, na sababu ni ile picha ya nyumbani uliyonichorea.

Nilikuomba uichore baada ya mwalimu wetu wa uchoraji kutupeleka kutazama picha za mashambani. Za Wafaransa zimejaa mpaka pembeni: wanawake wameinama wakivuna, udongo mzito, ng'ombe, mawingu. Kuna mwanamume mmoja ameshika jembe kama kijiko cha uji. Huyo kwetu Nyakoe asingemaliza hata mstari mmoja wa mahindi. Za Wajapani ni tofauti. Wakulima wanapanda mpunga kwenye mvua, mlima uko nyuma yao, halafu nusu ya karatasi haijaguswa. Mwalimu akatuambia tutazame hapo pasipoguswa, maana ndipo mchoraji alipoweka jambo lake.

Juzi nikampa picha yako. Aliipenda: kilima, chai ile Baba aliyopanda mwaka wa Uhuru, moshi wa jikoni. Kisha akaweka kidole kando ya nyumba ya Mama, akauliza, "Dadako amejifunza kwa Wajapani? Mbona hapa ameacha peupe?"

Wenzangu walicheka. Mimi niliichukua picha, nikarudi kuketi.

Kemunto, hapo, kushoto ukitoka mlangoni, palikuwa na migomba ya Mama, ile ambayo ndizi zake huzipeleka sokoni Daraja Mbili. Nilijiambia ni mvua ya mawe imeiangusha. Lakini ya upande wa pili umeichora imesimama, na mkungu umeutia. Mvua ya mawe haichagui. Wewe na mimi tunajua kwa nini upande huo husafishwa: hapo ndipo mwanamke wa kwetu huzikwa, kushoto mwa nyumba yake.

Barua yako inasema Mama hajambo, yuko shambani. Ya Baba inasema nisome, mambo ya nyumbani niwaachie wao. Namjua Baba. Atakuwa amekukataza usiniambie lolote mpaka nimalize mtihani, nawe ukatii kwa maneno. Mkono ndio ulioshindwa, maana tangu utoto huchori usichokiona. Naogopa, dada. Hata kuitazama tena siwezi, nimeilaza kifudifudi chini ya vitabu.

Usimwulize Baba. Niandikie wewe mwenyewe, neno moja tu, yupo au hayupo.

Nisalimie Baba. Nisalimie shangazi wa Sironga na wajomba wote. Kwa Mama nimeanza mstari mara tatu, nikafuta. Nikimtumia salamu naye yuko chini ya udongo, nani atazipokea? Na nisipomtumia, kumbe yuko hai, ameketi jikoni anakusikiliza ukisoma barua hii, basi mimi mwanawe nitakuwa nimemzika.

Ndugu yako,
Mogaka