Gharama ya Anayehama

Baba,

Huku Burnsville, Marekani, theluji imeyeyuka, lakini ile sweta ya Mama bado naivaa. Nimehamia idara nyingine ya polisi, na usishtuke, sikufukuzwa. Wakubwa wangu wapya wamewarudishia wale wa zamani gharama za kunifunza kazi, wakapeana mikono, yakaisha. Hakuna aliyenitukana.

Mume wangu Gilbert naye nimemwacha. Amezoea kuniinulia mkono, na kazi yangu ni kukamata watu wa namna hiyo. Wazee wa kwao wakija kudai warudishiwe ng'ombe wa mahari, wape chai, wala usibishane nao. Usiuze hata ndama. Mahari yao nitairudisha mimi. Safari hii anayehama anajilipia mwenyewe.

Binti yako, tena askari,
Kemunto