Namba Isiyo na Laini

Jumatatu, 5 Machi 2018

Leo nimepiga namba ya Muhammed. Sijui nilitaka nini. Mume wangu yuko kaburini tangu Januari, na simu yake iko kwa ndugu yake, Musitafa. Najua hivyo. Nimepiga tu. Akapokea: "Haloo, transport." Kama yeye ndiye mwenye lori. Nikakata.

Siku ya mazishi aliichukua mezani, watu bado wanakula. Akasema ataipokea kwa niaba ya familia mpaka nimalize eda. Nilikuwa nalia, nikaitikia kwa kichwa. Tangu hapo wateja wote — wa kahawa Maliba, wa vitunguu Bwera mpakani, wa mawese kutoka Kongo — wanampigia yeye. Na yeye mizigo anampa rafiki yake mwenye lori jingine.

Mchana Tefiro, dereva wetu, alikuja akasimama nje ya dirisha, kofia mkononi.

"Mama, gari iko pale. Matairi inakaa tu kwa jua. Nitafute kazi ingine?"

Nikamwambia asiende popote.

Muhammed na Tefiro walishika usukani, mimi nilishika simu hiyo. Ndivyo tulivyoijenga kazi hii. Wateja nawajua kwa sauti, hata wakiwa na mafua. Sasa Musitafa anasema mwanamke wa eda haongei na wanaume.

Jumatano, 7 Machi

Shamira, mdogo wangu, amekuja na ndizi. Anafanya kazi Kilembe, kwenye ofisi inayopeleka watalii mlimani. Nilipomweleza habari ya Musitafa, akaacha kumenya, akaweka kisu chini.

Kumbe ofisi yao haitegemei simu ya mtu mmoja. Wana namba ya mtandaoni. Haikai kwenye laini, inakaa kwenye intaneti. Mteja akipiga, zinaita simu zote mlizoandikisha. Wote mkishindwa kupokea, anaacha ujumbe kwa sauti yake, unausikiliza baadaye. Meseji nazo zinaingia mahali pamoja. Na usiyemtaka unamfungia — kwako haiiti, anaishia kwenye sanduku la sauti.

Nikamwomba arudie hilo la mwisho.

Kabla ya kuandikisha nilimpigia sheikh. Nisije nikaambiwa nimejitungia dini. Akasema mjane hahami nyumbani kwake, hajipambi, hatoki bila dharura. Kuongea na watu kwa haja, kwa adabu, hakukatazwa. Basi. Mlango sitauvuka. Simu haijui mlango.

Tulikaa kitandani na Shamira. Programu ikauliza jina la biashara. Akaandika la Muhammed. Nikamwambia futa. Andika Naswiba Transport.

Aliniangalia. Akaandika.

Ijumaa, 9 Machi

Siku ya soko Bwera. Namba mpya iko kwenye simu yangu, ya Tefiro na ya Shamira. Tefiro ameiandika kwa rangi mlangoni mwa lori. Herufi zimepinda lakini zinasomeka.

Asubuhi kimya. Nikaanza kujiona mjinga. Halafu ikaita. Ni Wivine, mama wa Kasindi, upande wa Kongo, anayeleta mawese na vitenge.

"Mama Naswiba? Ni weye kweli? Shemeji yako alituambia uko mu kilio, hauwezi sema na batu."

"Niko mu kilio, Wivine. Lori ndilo halimo."

Alicheka. Kisha akalia kidogo, maana Muhammed alikuwa akimbebea mizigo tangu hajawa na kibanda. Kisha akapangusa pua na kusema ana madumu ya mawese, yanangoja tangu jana. Akazunguka na namba yangu soko zima.

Jioni nimelisikia lori likipita barabara ya nyumbani. Mlio wake naujua. Nilisimama nyuma ya pazia nikalia kwa kwikwi, na simu ikaita tena, nikapangusa uso nikapokea.

Jumanne, 13 Machi

Simu, simu, simu. Wali umeungua.

Tefiro akiwa bondeni kusiko na mtandao, zinaniita mimi. Nikiwa kwenye swala, wanaacha sauti. Mtu wa Maliba ameniachia salamu za ukoo mzima kabla ya kutaja kahawa.

Musitafa ameshasikia.

Alhamisi, 15 Machi

Nimemfungia Musitafa. Leo sanduku limejaa yeye.

Kwanza mpole: shemeji, tuelewane, sisi ni damu moja. Baadaye: unaaibisha kaburi la ndugu yangu. Halafu: eda ikiisha utaolewa na mimi, lori litarudi kwenye ukoo, kwa hiyo acha kujisumbua.

Nilikuwa nasikiliza jikoni. Mama mkwe, Hajati Rehemah, ninayekaa naye, alikuwa nyuma yangu anachambua maharage. Nilimsahau. Akasema, rudisha hiyo. Nikarudisha.

"Hiyo ni sauti ya mtoto wangu?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea na maharage. Ila mikono ilikuwa inatupa mazuri na kubakiza mabovu.

Kuolewa. Hata kuniuliza hajaniuliza. Ameshapanga tu, kama anapakia magunia.

Jumapili, 18 Machi

Wamekuja. Musitafa mbele, Mzee Wahabu — baba yao mdogo — nyuma, na wazee wengine wa ukoo. Walikaa sebuleni. Mimi nyuma ya pazia na mama mkwe. Tefiro uani, anaosha lori.

Mzee Wahabu akaongea kwa upole. Mwanangu, toa hiyo laini, ikae kwa shemeji yako mpaka umalize.

Nikasema haina laini.

"Namba isiyo na laini iko wapi?"

Nikaeleza. Musitafa hakungoja nimalize. Alipitisha mkono kwenye pazia, akachukua simu yangu kwenye kiti, akachomoa betri, akachomoa laini. Akatia vyote mfukoni. "Yamekwisha," akasema.

Hawajamaliza hata soda, uani ikaita. Ni simu ya Tefiro. Tukamsikia wote: "Naswiba Transport, tukusaidie nini?"

Mzee Wahabu aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Musitafa akasimama. "Basi nitachukua lori lenyewe. Lori haliko kwenye mtandao."

Mama mkwe akauliza: "Kadi ya lori ina jina la nani?"

Wote wanajua. La Muhammed na langu. Wazee wakaamua tusubiri, kila mtu atulie, na mimi nifunge namba hiyo kwa heshima ya marehemu. Nikasema nitakaa eda yangu mpaka siku ya mwisho, kwa heshima ya marehemu. Namba sifungi.

Walipoondoka mama mkwe alinipa simu yake. "Mwambie Shamira aiweke na humu."

Jumanne, 20 Machi

Asubuhi Tefiro alikwenda Bwera kupakia. Sasa hivi amepiga, kwenye simu ya mama mkwe. Musitafa yuko sokoni, amesimama mbele ya lori. Ameshika boneti kwa mikono miwili. Anataka funguo.

Nikamwambia Tefiro aweke spika, aweke simu dirishani. Nikaongea. Sikujua sauti yangu inaweza kufika mbali hivyo. Nikasema mimi ni Naswiba, jina langu liko kwenye kadi, mzigo ni wa watu, na sitaolewa na mtu aliyesimama mbele ya gari langu.

Kisha Wivine: "Siye tuko hapa, Mama. Tumekaa juu ya mizigo. Hatushuke."

Musitafa anapiga kelele kwamba simu haiwezi kumwamuru mwanamume. Mtu mwingine anasema aitwe afande. Mwingine anasema aachwe dereva.

Mama mkwe amesikia yote. Amejifunga shuka lake la safari, amechukua fimbo. Nikamwuliza anaenda wapi. "Kwa mtoto wangu." Hakusema ni yule mwenye lori au huyu aliyelizuia. Bodaboda ameshamchukua, na Bwera ni mbali.

Mimi niko hapa jikoni. Mlango uko wazi na sitautoka. Simu iko mezani, sijaikata, naandika huku nasikiliza.

"Mama," Tefiro anasema, "anasema nizime gari. Nizime?"

Nimemwambia usizime.

Nasikia injini. Inaunguruma tu, na funguo bado ziko kwa Tefiro.