Simu Chini ya Kitanda

Jumatatu, 6 Novemba 1995

Hili sijamwambia mtu. Nina simu yangu chini ya kitanda. Kuukuu, nilipewa na fundi wa redio Bamburi. Nimevuta waya nyuma ya kisanduku cha shirika la simu kilichoko ukutani, nikaupitisha dirishani. Kengele nimeitia pamba. Shirika wakijua watatukatia laini, na Baba ataniua. Lakini sebuleni majirani hawaishi kuja kupiga simu, nami nikitazamwa sauti hunikauka. Humu naongea na rafiki yangu Rukia, hata nacheka.

Leo mtihani wa hesabu. Ngumu. Baba bado yuko Voi, kikazi. Jioni Mama alichungulia: "Zuhura, bibiyo akusalimu. Asema usome." Bibi yuko Mambrui. Ndiye aliyenilea mpaka nikaingia shule. Nikaitika: "Aleka wa aleha salamu," yaani kwako na kwake.

Jumanne, 7 Novemba



Baada ya laasiri niliinua simu nimuulize Rukia swali la kemia. Laini ilikuwa na watu. Ningeiweka chini. Sikuiweka. Alikuwa Shangazi, kutoka Mambrui, anaongea na Mama.

"Wifi, tangu tumzike mama Jumamosi, kaka hata chakula hali. Hitima ni Ijumaa. Zuhura bado hajui?"

"Hajui. Babake kasema mpaka amalize mtihani."

Mamake Shangazi ni Bibi. Bibi yangu.

Kisha Mama: "Mbona sauti yenda mbali? Laini hii ina mdudu." Mdudu ni mimi. Simu mbili zikiinuliwa pamoja, sauti hupungua.

Jumamosi! Mimi nilikuwa nala mahamri nasoma biolojia. Baba hayuko Voi. Yuko matangani.

Na jana zile salamu. Za nani?

Baadaye usiku

Mama amekuja tena. Akusalimu bibiyo. Nimeitika. Wallahi nimeitika.

Jumatano, 8 Novemba

Insha ya Kiingereza: mtu umpendaye. Nilimwandika Bibi, akikuna nazi, akinitania kuwa nina aibu ya kobe. Hai kabisa. Kalamu haikusita. Nimejichukia.

Jioni Mama mlangoni, macho mekundu. Vitunguu, asema. Tumekula mkate na chai.

"Bibiyo akusalimu."

Nikageuza ukurasa wa kitabu.

"We! Salamu haziitikiwi siku hizi? Ndio usomi huo?"

Nikaitika. Namjibu maiti. Nikilia, ataniuliza nimejulia wapi. Nikisema, simu yangu yaenda, na Baba atajua nilidukua siri yake. Nisiposema, kesho kutwa hitima itasomwa bila mimi. Karatasi ya mwisho ni Jumanne. Nitaweza vipi kumeza salamu mpaka Jumanne?

Namchukia Mama. Halafu nilimsikia bafuni, amefungulia maji kwa nguvu ili nisisikie analia. Simchukii.

Alhamisi, 9 Novemba

Kesho sina karatasi. Gari la kwanza la Malindi laondoka alfajiri, na Mambrui si mbali kutoka hapo.

Nimeng'oa waya. Simu nimeitoa chini ya kitanda, nikaifuta vumbi, nikaiweka mezani kando ya daftari hili. Ndogo kuliko nilivyodhani. Buibui langu nimelitundika mlangoni.

Nje kimya. Harufu ya udi. Mama amefukiza chumbani kwake, kama afanyavyo Bibi. Alivyokuwa akifanya.

Ndara za Mama ukumbini. Siku zote nikizisikia, daftari hulisukuma chini ya mto. Anakuja na salamu.

Naliacha wazi.