Kamba Haikusogea

Alhamisi. Mwezi wa tano tangu nitoke Nzega.

Siku hizi hapa Tarime kila neno linajibiwa "imeisha hiyo", yaani hesabu limeshafanyika. Hata ukiomba chumvi.

Leo nilikuwa chini kwenye duara, shimo tunakochimba dhahabu, gogo linalozuia udongo likaanza kupasuka. Nikapiga kelele wenzangu walio juu wanivute. Marwa, mshika kamba, akajibu kutoka juu, "Imeisha hiyo, Mnyamwezi." Wakacheka. Kamba haikusogea.

Nikapanda mwenyewe kwa kucha, udongo ukinimwagikia kichwani.

"Marwa, ningekufa."

"Si umetoka, kaka? Imeisha hiyo."

Kesho nashuka tena kutafuta nauli, na mshika kamba ni yeye. Naogopa, sina wa kumwambia. Nikitoka salama, Jumapili nitakuwa nyumbani Nzega.